Haki ya kubeba silaha Marekani: yanayosemwa na yaliyokuwepo

Kila risasi zinaporindima katika shule ya Marekani, Marekebisho ya Pili ya Katiba yao hutajwa na kila mtu. Ni sentensi moja tu, lakini imebebeshwa mengi.

Dhana: Iliandikwa ili mtu ajilinde na majambazi nyumbani kwake.

Sentensi hiyo, iliyoridhiwa Desemba 1791, haitaji nyumba wala majambazi. Inaanza na wanamgambo waliopangwa vizuri, kwamba dola huru haiwezi kuwa salama bila wao, ndipo inaposema haki ya wananchi ya kuwa na silaha na kuzibeba isiingiliwe. Hofu ya wakati ule ilikuwa jeshi la kudumu mikononi mwa serikali kuu. Wamarekani walikuwa na sababu: Aprili 1775 askari wa Uingereza walitoka Boston kwenda Concord kukamata silaha na baruti za wanamgambo, na vita vya uhuru vikaanzia njiani. Sheria ya 1792 ikamtaka kila raia mwanamume mzungu, huru na mwenye afya, kuanzia miaka 18 hadi kabla ya kufika 45, ajinunulie mwenyewe gobore, singe, mawe mawili ya akiba ya kuwashia baruti na risasi zisizopungua 24. Hapo haki na wajibu vilikwenda pamoja, jambo ambalo watetezi wa bunduki wa leo hulipita harakaharaka.

Dhana: Zamani hapakuwa na masharti.

Yalikuwepo tele. Mwaka 1783 jimbo la Massachusetts lilipiga marufuku kuweka bunduki yenye risasi ndani ya nyumba mjini Boston, kwa kuogopa moto. Hata Tombstone, mji wa Arizona unaosifika kwa wababe wa bastola, mwaka 1881 ulikataza kutembea na silaha mjini.

Dhana: Ilikuwa haki ya wote.

Hapa ndipo historia inapouma. Mwaka 1857, Jaji Mkuu Taney alipokataa kwamba Mtu Mweusi anaweza kuwa raia, mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba Weusi wakiwa raia wangeruhusiwa kubeba silaha popote waendako. Utumwa ulipokwisha, Mississippi iliwakataza walioachwa huru kuwa na bunduki bila kibali. Mwaka 1873, huko Colfax, Louisiana, kundi la wazungu liliwaua Weusi kwa makumi. Miaka mitatu baadaye Mahakama ya Juu ikawaachia waliotiwa hatiani, ikisema haki hii inalibana Bunge la taifa tu.

Dhana: Mahakama imeitafsiri vilevile siku zote.

La. Ni mwaka 2008 tu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilipoamua kwamba ni haki ya mtu binafsi hata kama si mwanamgambo. Mwaka 2010 ikaifikisha kwenye majimbo, katika kesi ya Otis McDonald, mzee Mweusi wa Chicago aliyetaka bastola nyumbani. Na mwaka 2024, kwa kura 8 dhidi ya 1, ikakubali kwamba aliyewekewa zuio la mahakama kwa kumtishia mwenza wake anaweza kunyimwa bunduki.