Uhusianifu si "kila mtu na mtazamo wake"

Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa tatu aliyekuja kudai alama za jaribio: "Mwalimu, si Einstein alishasema kila kitu kinategemea mtazamo?"

Hakusema. Uhusianifu maana yake ni kwamba vipimo vya muda na urefu hutegemea mwendo wa anayepima, ila sheria za fizikia hazimtegemei mtu. Einstein aliitoa kwa sehemu mbili. Nadharia mahususi ni ya 1905. Ile ya jumla, iliyokamilika Novemba 1915, ndiyo inayoueleza mvutano (ule unaoangusha vitu chini) kuwa ni kupinda kwa anga na wakati.

Jina ndilo lenye balaa. Mwanahisabati Felix Klein alitaka iitwe nadharia ya visivyobadilika, yaani vinavyobaki vilevile kwa kila anayepima, na Einstein mwenyewe alikiri kwenye barua ya 1921 kwamba jina la uhusianifu halikuwa la bahati. Kwetu shina ni -husu, kutoka Kiarabu, ukoo mmoja na "hasa" na "mahususi" (kwa hiyo "nadharia mahususi ya uhusianifu" imebeba ndugu wawili, jambo linalonifurahisha kila mwaka). Lakini angalieni kile kiambishi -an-. Mtazamo mtu anaweza kuwa nao peke yake. Kuhusiana kunataka wawili. Atakachopima Asha kitatofautiana na atakachopima Juma, lakini ukiujua mwendo wao utakipata kimoja kutoka kingine kwa hesabu, bila kuuliza maoni ya yeyote.

Kwenye nadharia ya jumla kosa hili linanoga zaidi. Anayeanguka huru, bila kuzuiwa na chochote, hahisi uzito, basi darasa zima linatangaza kwamba mvutano ni suala la mtazamo. Haya, Dunia nayo inaanguka hivyohivyo kuelekea Mwezi na Jua, na bado bahari inajaa na kupwa. Mwezi unauvuta upande wa karibu wa Dunia zaidi kuliko wa mbali, na tofauti hiyo haifutiki hata ubadili mtazamo mara ngapi. Huko ndiko kupinda kwenyewe. Muulize mvuvi kama bamvua, yale maji makubwa ya bahari, ni maoni yake.

Kwa hiyo mwanangu, ukimaanisha "inategemea mtu", sema hivyo tu, Kiswahili kinakuruhusu. Einstein mwache. Na lile swali la tatu, njoo nalo Alhamisi tulipitie.