Kabla hujalipa kodi ya miezi sita Arusha, nunua umeme kwenye mita ya nyumba hiyo

Mwezi uliopita nilimpokea stendi dada mmoja muuguzi, kahamishiwa Arusha akitokea Mwanza, mtoto wa miaka miwili mgongoni. Alikuwa na ombi moja: apate nyumba karibu na maji, kwa kuwa amekulia Kirumba na amezoea kuamka akiliona ziwa. Mjini kwetu ziwa la kuamkia halipo, ila Tengeru tuna Duluti, ziwa dogo la kreta lililozungukwa na msitu. Nikamwambia, twende tukaangalie.

Mimi ni dalali wa nyumba, mwaka wa kumi na mbili sasa. Naipenda kazi hii na inaniuma ninaposikia mtu akisema madalali wote ni wale wale. Kwa hiyo leo naeleza kile ninachokifanya mimi kabla mteja wangu hajatoa hata shilingi, ili hata kama dalali wako ni mwingine, ukifanye mwenyewe.

Nyumba tuliyoiona ilikuwa nzuri. Vyumba vitatu, kimoja masta, tailizi hadi barazani, jipsamu, geti jeusi, na barabara ya njia nne inayotoka Sakina ilikuwa mwendo wa dakika tano kwa mguu. Mwenye nyumba, mzee wa Kimeru, mstaarabu sana, alitaka laki mbili na nusu kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo. Milioni moja na nusu, na ukiongeza ya dalali, ambayo kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja, inakuwa milioni moja na laki saba na nusu. Dada alishaanza kufungua pochi.

Nikamwambia asubiri kidogo, nikamgeukia mzee. "Baba, naomba namba ya mita."

"Ya nini tena, mwanangu? Umeme si huo upo."

"Tununue kidogo tu, baba, tuone unaingia."

Tukanunua wa elfu ishirini kwa simu. Ujumbe ulipoingia, kati ya makato kulikuwa na kodi ya jengo, shilingi 12,000.

Hapo ndipo penye maelezo. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500, wakati kwenye ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Miezi ambayo hakuna aliyenunua umeme haisamehewi, inalala kwenye mita ikimsubiri atakayenunua. Kisheria mdaiwa ni mwenye jengo, lakini anayekatwa ni aliyeshika simu, yaani mpangaji. Ndiyo maana kwenye mikataba ninayosimamia naweka mstari unaosema makato hayo yatapunguzwa kwenye kodi ya nyumba. Wenye nyumba wengi hawakatai ukiwaeleza mapema, bali wanakataa ukiwadai baadaye.

Sasa gawanya 12,000 kwa 1,500. Miezi minane. Mzee alikuwa ametuambia mpangaji wa mwisho ameondoka juzijuzi. Simwiti mwongo, pengine kwake ilikuwa juzijuzi. Ila nyumba yenye geti na tailizi, dakika tano kutoka lami, huwa haikai miezi minane bila mtu pasipo sababu. Sababu yenyewe wapangaji walishaijua, sisi ndio tulikuwa bado.

Nikaingia jikoni nikafungua kabati la chini ya sinki. Madumu ya lita 20, saba, yamepangwa vizuri na vifuniko vyake. Bafuni, pipa. Nyumba inayotoa maji kila siku haihitaji madumu saba. Nikatoka hadi kwa Mangi wa dukani pale kona, nikanunua soda na kuuliza habari za maji. Kwa Mangi huwa siendi na dalali mwenzangu wala mwenye nyumba, naenda peke yangu, na nanunua kitu. Akanieleza: bomba pale linatoa usiku, mara mbili au tatu kwa wiki, na siku nyingine watu wanachota kisima cha jirani.

Mtoto wake wa miaka kama kumi, aliyezaliwa palepale, akanisalimia shikamoo huku anatabasamu. Meno yake ya mbele yalikuwa na michirizi ya kahawia.

Kwa mgeni wa Arusha hili ndilo jambo la kulishika kuliko yote. Miamba ya mlima Meru ni ya volkano na ina floraidi nyingi, madini yanayoyatia meno michirizi kama ile, na maji yanayopita humo yanaibeba. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakubali ni miligramu 1.5 kwa lita, na upande huu wa Meru yako maji yanayozidi hapo kwa mbali. Visima viwili vya majirani vinaweza kutofautiana kabisa, hivyo huwezi kusema Tengeru ni salama au si salama, unazungumzia kisima hiki au bomba hili. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki na kukolea zaidi. Anayeharibika meno ni mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajitengeneza ndani ya fizi, tangu uchanga hadi miaka kama minane. Mtu mzima aliyehamia na meno yake kamili hayatabadilika rangi, na ndiyo sababu mpangaji asiye na mtoto anaweza kukwambia maji ya pale hayana shida, naye anasema kweli yake.

Kwa hiyo swali la "maji yapo?" halitoshi. Uliza yanatoka wapi. Kama ni ya AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, omba bili ya mwisho. Karatasi moja ile inakupa mambo mawili: deni lililobaki kwenye akaunti, na jina la mteja. Jina lisipofanana na la anayejiita mwenye nyumba, mwombe akueleze, kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukathibitishe. Utapeli wa kupangishwa nyumba na mtu ambaye naye ni mpangaji nimeushuhudia, na aliyelipa hakurudishiwa kitu. Kama ni ya kisima, omba majibu ya maabara. Hayapo? Chukua sampuli ipimwe kabla ya kulipa, hasa ukiwa na mtoto. Kituo cha Ngurdoto, hapa hapa Arusha, kimefanyia kazi kwa miaka mingi njia ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa hiyo kisima chenye tatizo si mwisho wa nyumba. Ila mchujo una gharama, na ijulikane nani anaibeba.

Nirudi kwenye mita kidogo, maana wengi wanaotafuta chumba na sebule watakutana na LUKU ya kushea. Kuna bei ya umeme ya nafuu, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, kwa mita isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Bei ya kawaida ni 292. Vyumba vinne vikishea mita moja, kila kimoja kikitumia uniti 30 tu, jumla ni 120, na wote mnalipa bei ya juu ingawa hakuna kati yenu anayetumia sana. Chumba chenye mita yake kikizidi vingine kwa elfu chache kwa mwezi kwenye kodi, piga hesabu hiyo kwanza kabla hujasema ni ghali.

Suala la dola. Njiro na maeneo ya jirani yalizoea bei za dola tangu enzi za mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyokuwa hapa kuanzia miaka ya tisini hadi ilipofungwa Desemba 2015. Tangu 28 Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei au kudai malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Ukitajiwa dola mia tatu, omba bei ya shilingi, na iandikwe hivyo kwenye mkataba.

Baridi nayo. Ilboru, Sekei na kote kunakopanda mlimani, Juni hadi Agosti ni baridi na unyevu. Sogeza kabati, angalia ukuta karibu na sakafu. Rangi iliyovimba na unga mweupe wa chumvi vinasema maji yanapanda kutoka chini, na rangi mpya kwenye futi mbili za chini pekee inasema hivyo hivyo. Na nyumba iliyo kando ya mto Themi, Naura au Burka, pima kwa hatua: sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo. Iliyo ndani ya hapo siionyeshi kwa mteja, hata iwe bei gani.

Mkataba uwe wa maandishi, hata kwa chumba kimoja. Sheria ya zamani iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, na tangu hapo kinachokulinda zaidi ni kile mlichokubaliana na kusaini. Andikeni notisi ni ya muda gani, nani anatengeneza bomba likipasuka, kodi inaweza kupanda lini. Mkigombana, baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, na uamuzi unatolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko watakuuliza karatasi. Na dalali alipwe baada ya kusaini, siyo kabla. Mimi nauli ya kuzunguka naipokea, ile ya udalali hapana, mpaka ufunguo uwe mkononi mwako.

Yule dada hakuichukua nyumba ya mzee. Tulipata nyingine ng'ambo ya barabara, vyumba viwili, jiko finyu, bomba la mamlaka ambalo nilipita kulifungua saa nane mchana na tena saa tatu usiku. Kodi ya miezi mitatu mitatu. Siku ya kukabidhiwa ufunguo tulipiga picha mita pamoja na mwenye nyumba, ikisoma uniti sita na kitu, na ile picha dada akaituma kwangu na kwa mwenye nyumba. Kwa mzee nilirudi nikamweleza wazi kilichomkosesha mpangaji. Alinisikiliza, akauliza maabara ni wapi, na wiki iliyofuata akapeleka chupa ya maji ya kisima. Majibu yakitoka nitayaweka kwenye tangazo la nyumba yake, kando ya picha za geti na tailizi.