Maji ya chemchemi ya kando ya barabara: maswali na majibu

Kwenye barabara ya Mombo kwenda Soni na Lushoto, na ile ya kupanda Amani kutoka Muheza, maji hutiririka ukingoni kabisa: hapa kwa bomba la plastiki lililochomekwa kwenye udongo, pale kwa kipande cha mwanzi. Watu husimama, hukinga madumu, hushuka nayo hadi Tanga mjini. Haya ndiyo maswali yanayojitokeza sana.

Maji yanatoka mwambani, maangavu na ya baridi. Si masafi hayo?

Uangavu hauthibitishi kitu. Vimelea vya taifodi, kipindupindu, kuhara damu na homa ya ini aina ya A havionekani kwa macho wala havibadili ladha. Baridi nayo haiviui. Vingine huishi muda mrefu zaidi kwenye maji baridi.

Nitajuaje kama ni chemchemi kweli?

Fuata bomba lilikotoka, kwa macho au kwa miguu. Mara nyingine utakuta halianzii ardhini: limelazwa kwenye kijito huko juu, likagandamizwa kwa mawe. Hicho ni kijito kilichotiwa bomba, na ng'ombe anayekunywa juu yake anakuhusu.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni mvua. Muulize mwenyeji: ikinyesha usiku, asubuhi maji yanakuwaje? Akikuambia yanageuka rangi ya chai ya maziwa, au yanaongezeka ghafla kisha yanapungua, basi maji ya juu ya ardhi yanaingia humo. Chemchemi ya kina haiyumbi hivyo. Ndiyo maana maji yaliyonyweka Januari bila shida yanaweza kuangusha nyumba nzima wakati wa masika.

Kisha tazama mteremko ulio juu yake. Choo cha shimo kinatakiwa kiwe mbali angalau mita 30, tena kisiwe upande wa juu. Zizi na mahali pa kufulia vivyo hivyo. Shamba la kabeji au nyanya ni jambo jingine, na Lushoto mashamba hayo yamepanda hadi miteremkoni: dawa ya kupulizia ikishuka na maji, kuchemsha hakuitoi, klorini haiitoi. Hapo usikinge, hata kama wote waliokutangulia wamekinga.

Chemchemi iliyojengewa huonekana: ina boksi la zege lenye mfuniko, mfereji upande wa juu wa kugeuza maji ya mvua, uzio wa kuzuia mifugo, na bomba lililoinuka juu ya sakafu. Ni nafuu kubwa, ila maji yake bado hutibiwa kabla ya kunywa.

Nikinge vipi?

Maji mengi huchafukia kwenye dumu. Nyumbani, kabla ya safari, tia ndani lita 1 ya maji, sabuni na kiganja cha changarawe safi, funga, tikisa kwa nguvu dakika 2 au 3 ukiligeuza pande zote, kisha suuza mara 3. Changarawe hukwangua ule utelezi wa kijani ambao sabuni peke yake haiufikii. Dumu lililobeba dawa ya shamba au mafuta ya taa halifai kwa maji ya kunywa, hata lioshwe mara kumi.

Ukifika, acha maji yatiririke kidogo kwanza, maana aliyekutangulia huenda alikuwa dereva anajaza rejeta kwa kopo la oili. Mdomo wa bomba usiguse dumu. Na mfuniko uwe mfuniko: gunzi la muhindi au kipande cha nailoni hurudisha uchafu wote uliokwisha kuuosha. Gari usiliache kwenye kona. Barabara ile ni nyembamba na malori hushuka.

Nichemshe au nitie dawa?

Kuchemsha ndiko kunakoaminika zaidi. Maji yachemke kwa kutokota dakika 1 kamili, na baada ya hapo hakuna haja ya kuongeza kuni. Lushoto maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa sababu ya mwinuko, lakini dakika hiyo inatosha. Yapoe yakiwa yamefunikwa, katika sufuria ileile.

Ukitumia vidonge vya klorini, soma karatasi yake: kipo cha lita 20, vipo vya kiasi kidogo zaidi. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara 4, kwa kuwa tope hula klorini kabla haijafika kwa vimelea. Subiri dakika 30. Maji ya mlimani yakiwa baridi sana, subiri saa nzima. Harufu hafifu ya dawa ni dalili njema. Klorini ina udhaifu wake: baadhi ya vimelea vya kuharisha vyenye ganda gumu huihimili, navyo huuawa kwa moto.

Nimeshakunywa, na sasa naharisha.

Anza na ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini. Kama huna, lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kunywa kidogokidogo kila unapotoka chooni, hata ukitapika. Choo kikiwa kama maji ya mchele, kukiwa na damu, homa, macho kudidimia au mkojo kukata, nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, huku ukiendelea kunywa njiani.

Mtoto wa miezi minne aonjeshwe kidogo?

Hapana. Wala ya chemchemi, wala ya bomba, wala yaliyochemshwa. Ni maziwa ya mama tu mpaka miezi 6 itimie.