Masika na farasi: lini umtandike, lini umwache bandani

Masika yakianza, simu ninazopigiwa hufanana. "Daktari, farasi wetu amenyeshewa saa nzima, tumpe dawa gani asije akashikwa na homa ya mapafu?" Jibu langu huwa fupi: mtoeni penye upepo, mjazieni nyasi kavu, basi. Farasi mzima, mwenye mwili na manyoya yake kamili, haangushwi na mvua ya Karen wala ya Limuru. Nyasi zikichachuka kwenye utumbo wake mpana hutoa joto, kwa hiyo anayetafuna ana jiko lake tumboni. Yanayowaua farasi wetu msimu huu mara nyingi huja mvua ikishakatika, wakati mwenye farasi ametulia na kusema afadhali jua limetoka.

Hata hivyo, wapo wasiostahili kuachwa nje. Mzee aliyekonda, mtoto, aliyenyolewa manyoya, na yule aliyetoka mazoezini akiwa na jasho. Manyoya makavu husimama yakanasa hewa, na hewa hiyo ndiyo blanketi lake. Yakilowa hulala bapa, na upepo ukipiga hapo joto linakwenda. Punda ni dhaifu zaidi upande huu. Asili yake ni nchi kame, na manyoya yake hayamwagi maji vizuri kama ya farasi. Mwenye punda wa mkokoteni aliyezoea kumfunga nje usiku kucha kwa kuwa "punda ni mgumu" nadhani aya hii inamhusu kuliko mwenye farasi wa mashindano.

Anayetoka mazoezini mtembeze kwa mguu dakika kumi hadi kumi na tano. Hesabu pumzi ubavuni: akiwa ametulia, farasi huvuta pumzi 8 hadi 16 kwa dakika. Mkamue maji, msugue kwa gunia kavu kinyume cha manyoya ili yasimame tena, ndipo umwingize ndani. Usimfunike turubai la nailoni akiwa bado ana unyevu. Unyevu uliofungiwa mgongoni hukaribisha bakteria aitwaye Dermatophilus congolensis. Mwenyeji huyu wa kwetu alielezwa mara ya kwanza mwaka 1915 kwa ng'ombe wa Kongo, ndiyo maana akabeba jina hilo. Utamtambua kwa vigaga vinavyong'oka na kishungi cha nywele kama brashi ndogo ya rangi. Ukiviona, mkaushe farasi huyo, na brashi yake isimguse mwingine.

Kuhusu uwanja, nina kipimo kimoja ambacho masaisi, yaani watunza farasi, wengi wanakijua kuliko walimu wao. Vaa gambuti, uzunguke uwanja wote kwa miguu kabla ya kutandika. Kanyaga kwa kisigino, ukitoe, utazame. Shimo likibaki kavu, fanyeni kazi. Likijaa maji taratibu, tembeeni tu, labda mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, kwenye mistari iliyonyooka, na viunzi vya kuruka vibaki stoo. Gambuti likishikwa hadi kifundo, rudi zako. Udongo mweusi wa Nairobi hushika kwato kama gundi. Farasi anapoing'oa, kano za nyuma ya mguu wa mbele huvutika kupita kiasi, na kano ikishachanika ni miezi mingi ya kusubiri, ikipona. Utelezi juu ya ardhi ngumu nao una ubaya wake: mvua ya kwanza baada ya kiangazi hulowesha sentimita chache tu, chini kukabaki kama sakafu. Hapo ndipo farasi wengi huanguka kwenye kona, kwa sababu mpanda farasi anaona tope dogo na kulidharau. Panua kona zako, fupisha hatua, usimvute lijamu, kile chuma cha mdomoni, ghafla.

Tope pia hung'oa viatu vya chuma na kuficha misumari. Kila baada ya kazi inua miguu yote minne, uchokonoe kwato, unuse. Harufu ya kuoza kwenye ile sehemu laini ya pembetatu maana yake banda lina maji na samadi, na dawa ya kwanza ni koleo. Ukikuta tundu la msumari, mpigie daktari siku hiyohiyo hata kama farasi hachechemei. Kiswahili kiliita tetanasi "pepopunda", na waliolitunga jina hilo walikuwa na macho: katika wanyama wa kufugwa, jamii ya farasi na punda ndiyo inayoshikwa nayo vibaya zaidi. Shingo hukakamaa, masikio yakasimama wima, utando wa ndani wa jicho ukajitokeza ukimshtua kidogo. Chanjo ipo na ni nafuu mno ukilinganisha na matibabu.

Sasa radi. Kisii, Kericho na ukanda wote wa Ziwa Victoria hawahitaji kuhadithiwa. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, kisha ugawe kwa tatu: hizo ndizo kilomita. Sekunde 30 ni kilomita kama kumi, na hapo muda wa kushuka umefika, wala usisubiri matone. Kaeni ndani hadi zipite dakika 30 bila ngurumo. Mnyama wa miguu minne yuko hatarini kuliko sisi: radi ikipiga ardhi karibu, umeme husambaa chini, na kwa kuwa miguu ya mbele na ya nyuma imeachana, mkondo hupanda huku na kutokea kule, ukipita kifuani. Ikiwakuta mbali na jengo, shukeni mgongoni, mteremke kutoka kwenye kilele, mkae mbali na ua wa waya na mti ulio peke yake. Mkaratusi mrefu unavutia kujikinga mvua, najua. Usiende.

Koti la mvua nalo limewaangusha wengi, nami nimo. Miaka ya nyuma, nikiwa nimeshaitwa daktari na kujiona mjuzi, nilivaa koti la plastiki nikiwa juu ya jike mmoja mpole kupindukia. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshaingia, wa kulia bado, upepo ukalijaza koti likapiga kofi kwenye tako lake. Alikwenda shoti, mimi nikabaki na hatamu moja, kisha bila hatamu, kisha chini. Tangu siku hiyo koti langu huvaliwa na kuvuliwa chini, na farasi hufundishwa kulijua kabla ya msimu. Siku ambayo uwanja haufai ndiyo nzuri kwa somo hilo: ndani ya banda mwonyeshe koti likiwa limekunjwa, mguse nalo begani, mwache anuse, likunjue kidogo, simama kila anapotulia. Vivyo hivyo kwa mwavuli. Mvua juu ya bati ni kelele ambayo farasi mgeni huiogopa sana, na kumlisha wakati inanyesha humzoeza kuliko kumkemea.

Mvua ikikaa siku tatu nne, punguza nafaka. Kosa hili nimelikuta kwenye mabanda ya kila namna: farasi amesimama tangu Jumatatu, chakula kile kile cha siku za kazi, kisha Ijumaa jua likitoka anapandwa kwa nguvu. Ndani ya dakika chache misuli ya nyuma inakuwa migumu kama ubao, hataki kusogea, mkojo unatoka na rangi ya kahawa. Mwache palepale alipo, usimlazimishe kutembea, piga simu. Nyasi kavu zisipungue, ila nafaka ifuate kazi. Na mahindi yaliyoota ukungu yasifike kwenye horini hata kama ng'ombe wa jirani anayala bila taabu. Sumu ya ukungu fulani wa mahindi huyeyusha ubongo wa farasi, na ikishaanza hakuna dawa ya kuirudisha nyuma.

Nimeacha kubwa lao mwishoni. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huletwa na virusi vya aina tisa, na hubebwa na usubi, wadudu wa milimita moja hadi tatu wanaozaliana kwenye udongo wenye maji na samadi. Mvua kubwa ikifuatwa na siku za joto, usubi huongezeka. Pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuugua, nasi tunaishi nao: mbuga ya Nairobi imepakana na Lang'ata, na Naivasha malisho ni ya wote. Farasi akiambukizwa, homa hupanda hadi 40 na zaidi. Ugonjwa ukija kwa namna ya mapafu, povu hutoka puani na kifo huja ndani ya saa chache. Katika farasi wasio na kinga, hadi 95 kati ya 100 hufa. Ukija kwa namna ya moyo, vishimo vya juu ya macho huvimba. Mwaka 2020 ugonjwa huu uliruka hadi Thailand, ukaua mamia ya farasi ambao hawakuwahi kuujua. Binadamu haumpati, lakini mbwa anaweza kufa akila nyama ya mzoga wake, kwa hiyo mzoga uzikwe, na ofisi ya mifugo iarifiwe.

Usubi huuma jua linapozama hadi linapochomoza. Hapa ndipo mazoezi yanapoingia. Mvua za mchana huwasukuma watu kupanda saa kumi na mbili jioni, hewa ikiwa imetulia, na hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote. Afadhali upande saa tatu asubuhi kwenye manyunyu kuliko jioni nzuri isiyo na upepo. Kabla jua halijazama, farasi awe ndani, madirisha yawe na wavu wenye matundu madogo kuliko ya chandarua cha kawaida. Feni husaidia pia, kwa maana usubi ni wadudu dhaifu wa kuruka. Chanjo itolewe kiangazi, kabla ya masika, na baada ya sindano farasi apewe kazi nyepesi kama daktari wako atakavyoelekeza.

Halafu nunua kipimajoto. Joto la farasi mzima aliyetulia ni 37.5 hadi 38.5. Mpime kila asubuhi kabla ya kutandika, kwa sababu farasi mwenye homa anaweza kuonekana mzima na kula vizuri, na kazi ngumu siku hiyo ndiyo humgeuza mgonjwa mwepesi kuwa maiti.

Kuna banda ambalo saisi wake ametundika ubao mdogo mlangoni. Wiki moja ya mwezi wa tano uliandikwa kwa chaki 37.9, 38.0, 37.8, kisha 39.6. Mwenye farasi alikuwa amesimama uani, buti miguuni, kofia ngumu kichwani, farasi mwenyewe akitafuna kama kawaida. "Leo hapana, mama," saisi akamwambia, akarudisha tandiko kwenye gogo lake. Farasi yule alikuwa na chanjo. Homa ilishuka baada ya siku chache, akakaa mwezi mzima bila kupandwa, na ubao bado uko pale.