Ubora wa huduma si vigae

Kila kituo cha afya kikifunguliwa hapa Bukavu, mkubwa fulani hushika mikro na kusema: "Sasa tuna huduma za kalite." Mkono wake unaonyesha vigae, rangi mpya na jenereta.

Ubora wa huduma za afya ni kadiri ambavyo mgonjwa anatendewa yale ambayo utabibu unajua kwamba yanamsaidia kupona. Programu ya taifa ya ubora ni mpango wa kuhakikisha hilo linafanyika, na linapimwa, katika kila zoni ya afya. Maana ni hiyo tu.

Neno kalite, yaani ubora, tumelipata kwa Kifaransa, nacho kwa Kilatini. Cicero aliunda qualitas kutoka qualis, yaani "ya namna gani?", akitafuta neno la kufikisha falsafa ya Wagiriki. Kwa asili, basi, kalite ni swali. Haisifu kitu, hata kalite mbaya ipo. Nalo neno letu bora hudai mwenzake: bora kuliko nini?

Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut, alitenganisha vilivyopo, kinachotendwa na kinachompata mgonjwa. Vigae viko katika fungu la kwanza.

Nilimsindikiza mdogo wangu, mjamzito, kwenye kituo kipya kinachong'aa. Mashine ya tansio, yaani ya kupima shinikizo la damu, ilikuwa mezani, ndani ya kisanduku chake. Alipimwa uzito, fishi ikajazwa, akaambiwa arudi mwezi ujao. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu vinamkata, na hakuna aliyemfunga kile kitambaa mkononi. Tansio ikipanda kwa mjamzito inaweza kumuua yeye na mtoto. Mashine ilikuwapo. Ubora haukuwapo.

Mwaka 2018 kamisheni ya jarida la Lancet Global Health ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, huduma mbovu huua watu milioni 5 hivi kwa mwaka, na kutofikia huduma huua milioni 3.6. Wale milioni 5 walifika.

Kwa hiyo programu ya ubora huuliza: kati ya wajawazito waliokuja mwezi huu, wangapi walipimwa tansio? Mwezi uliopita je? Kama wamepungua, ni betri, au muuguzi alikuwa peke yake na foleni nzima?

Ndugu zangu wa mikro, vigae vikiwapendeza, semeni kituo ni kipya, ni kizuri, nasi tutapiga makofi. Neno ubora lisubiri hesabu ya akina mama waliopimwa.