Woga wa DJ wa Wikiendi: Tunayoyaogopa Bure na Tunayoyapita Bila Kuyatazama

Desemba ikifika, Moshi hubadilika. Wachagga waliotawanyika kila mkoa wanarudi nyumbani, na kuanzia Kibosho hadi Marangu kila kona ina turubai: kipaimara, ubarikio, harusi, jubilei ya ndoa ya wazee. Si kila familia inakodi wenye mitambo mikubwa. Wengi humwita mpwa au jirani mwenye laptopu na kontrola (kifaa cha kuongozea nyimbo zilizo kwenye laptopu), ambaye Jumatatu hadi Ijumaa ni mwalimu, fundi simu au karani. Mimi ni mmoja wa hao, na naandika kwa ajili yao, kwa sababu inaniuma kuona vijana wenye masikio mazuri wanaacha baada ya sherehe mbili tatu. Hawaachi kwa kukosa uwezo. Wanaacha kwa sababu wameaminishwa waogope yasiyotisha, huku yanayostahili kuogopwa hakuna aliyewaonyesha.

"Ukitetemeka, ujue hujaiva"

Kauli hii ndiyo imewavunja moyo wengi kuliko zote. Mwili ukijua unakwenda kutazamwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unaenda mbio, kinywa kinakauka, vidole vinapoa na kutetemeka. Yanampata mwalimu wa kwaya aliyezoea kusimama mbele ya usharika, na yanampata anayesimama leo kwa mara ya kwanza. Uzoefu hauzifungi tezi hizo. Unakufundisha tu kwamba hali ile ni ya kupita, na kwamba unaweza kufanya kazi nayo ikiwa bado imo mwilini.

Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio kuhusu jambo hili hili. Katika mojawapo, watu waliotakiwa kuimba mbele ya wengine walitamka kwanza hali yao. Waliosema wana hamu ya kufanya waliimba kwa usahihi zaidi kuliko waliosema wana wasiwasi. Mimi naelewa kwa nini. Kujiambia "tulia" ni kugombana na mwili ulioshawashwa. Kutoka kwenye woga kwenda kwenye hamu ni hatua fupi zaidi, maana moyo unakimbia pande zote mbili.

Ila vidole vinavyotetemeka vina mipaka yao, na hapo ndipo pa kujiandaa. Dakika kumi za mwanzo usijipangie kazi ndogo ndogo za mikono. Chagua nyumbani nyimbo tatu za kufungulia, zenye utangulizi mrefu wa ngoma tupu, uziwekee alama za kuanzia kabisa. Fika kabla ya wageni, uguse kila kitufe cha mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) ya pale. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Kwa wengi wetu mtetemeko unaisha wakati wimbo wa tatu unakaribia mwisho, bila kufukuzwa.

Wapo wanaoutibu kwa bia. Katika sherehe za Uchaggani kukataa ni kazi: mjomba anakuja na kata ya mbege, shemeji anatuma chupa mbili mezani kwa DJ. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, weka chini mbali na nyaya. "Nitakunywa tukimaliza, mjomba" ni jibu lisilomuudhi mtu. Pombe inapunguza wasiwasi, sikatai, lakini inachelewesha mkono na kulegeza uamuzi, na kwa DJ uamuzi unaoharibika mapema ni ule wa kiasi cha sauti.

"Anayetumia sinki si DJ"

Mashine za kuchezea sahani za santuri, Technics SL-1200, zilipoingia sokoni mwaka 1972, kulinganisha kasi ya nyimbo mbili kulikuwa kwa sikio na kidole tu. Kampuni ya Pioneer ilipoweka kitufe cha sinki (sync), kinacholinganisha kasi chenyewe, kwenye mashine ya ma-DJ ya CDJ-2000 nexus mwaka 2012, ubishi ukachukua sura mpya na haujaisha hadi leo. Anayeanza akisikia ubishi huo anaona aibu kukigusa, anasimama mbele ya ukoo mzima akihangaika na kasi, na hajui uwanja unataka nini kwa sababu hajainua kichwa.

Kitumie. Mchezaji hasikii kitufe, anasikia wimbo. Unachotakiwa kujua ni mahali ambapo mashine inaishiwa, na napo ni pawili.

Kwanza, kwa kawaida sinki inadhani wimbo una kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa amapiano, iliyotengenezwa kwenye kompyuta na kuzunguka mapigo 112 hivi kwa dakika, dhana hiyo inafaa. Sasa weka wimbo wa bendi ya dansi ya Mlimani Park Orchestra uliorekodiwa Redio Tanzania. Pale ni binadamu wanapiga, na wakifika kwenye chemko, sehemu ya wimbo ya kuchezea, damu inachemka na kasi inapanda nayo. Mashine inabaki na hesabu ya mwanzo. Na kwenye jubilei ya miaka 40 ya ndoa, hizo ndizo nyimbo babu na bibi wamezisubiri tangu asubuhi. Jifunze kuunganisha kwa sikio kwa ajili yao, si kwa ajili ya wabishi.

Pili ni umbali, na hili sijaona likizungumzwa inavyostahili. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Spika zikiwa mita 17 kutoka ulipo, unachosikia kimechelewa karibu milisekunde 50. Kwenye wimbo wa mapigo 112, kutoka pigo moja hadi jingine ni milisekunde 536, kwa hiyo umekosea karibu sehemu ya kumi ya pigo kabla hujagusa chochote. Unalinganisha wimbo wa kwenye hedifoni na ule wa spika za mbali, unaona umepatia kabisa, kumbe uwanjani ngoma mbili zinakwaruzana. Kijana anaambiwa hana sikio, naye anaamini. Dawa yake ni kuomba spika moja ndogo iwekwe karibu nawe, au kusikiliza nyimbo zote mbili ndani ya hedifoni wakati wa kuunganisha. Ukifika ukumbini, uliza hilo kabla ya kuuliza chakula.

"DJ makini anakuja na orodha kamili, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho"

Tarehe 11 Agosti 1973, huko Bronx, New York, kijana wa miaka 18 aliyezaliwa Jamaika, DJ Kool Herc, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake, katika ukumbi wa jengo walilokuwa wakiishi. Sherehe ya familia, kama hizi zetu. Herc alikuwa ameona kwamba wachezaji wanasubiri kipande kile ambapo waimbaji wananyamaza na ngoma inabaki peke yake, basi akatumia nakala mbili za sahani moja kukirefusha. Hip-hop inahesabu kuzaliwa kwake kutoka hapo, na makundi ya hip-hop ya Arusha, Nako 2 Nako na Weusi, ni wajukuu wa usiku ule. Kilichoanzisha yote ni kutazama miguu ya watu.

Orodha kamili inakuondolea kazi hiyo ya kutazama, na ndiyo maana inapendwa na mwenye woga. Lakini kipaimara hakifuati orodha yako. Kinamfuata MC. Mtoto anaingia na wasimamizi, unahitaji wimbo wa injili wenye mwendo. Keki inakatwa. Halafu zinakuja zawadi: ukoo wa baba, ukoo wa mama, jumuiya, wafanyakazi wenzake mama, majirani, kila kundi linakuja likicheza kutoka mwisho wa turubai. Kundi moja lina watu watano na linafika upesi; jingine lina hamsini na mbuzi. MC anaita "DJ!" na una sekunde chache. Wimbo unaofaa hapo ni ule unaoanza kwa nguvu tangu pigo la kwanza na unaoweza kukatwa mahali popote bila kuumiza sikio. Robo saa ya mazungumzo na MC kabla ya shughuli ina faida kuliko wiki nzima ya kupanga orodha. Muulize makundi ni mangapi, nani anafungua muziki, na kama kuna msiba wa karibu katika familia unaotaka uangalifu.

Badala ya orodha, andaa mafungu: nyimbo tatu au nne unazojua zinashikana, fungu la zilipendwa, fungu la bolingo, la mduara, la injili, la Bongo Fleva. Ndani ya fungu umeshafanya mazoezi. Fungu lipi lifuate, uwanja utakwambia. Na usitazame mikono iliyoinua simu; anayerekodi video hajaanza kucheza. Tazama akina mama wanaovua viatu. Kwa maoni yangu uwanja wa Moshi hufunguliwa na mashangazi, na vijana huingia baada ya kuona hakuna wa kuwacheka, kwa hiyo anayeanza na amapiano saa mbili usiku anawafungulia watu ambao bado wamekaa. Singeli iache mwishoni. Inakimbia mapigo 200 kwa dakika na zaidi, ila usiiogope: wimbo wa mapigo 100 na singeli ya 200 vinakutana vizuri, kwa sababu pigo moja la huku ni mawili ya kule.

Mtu akija na ombi, hajakutukana. Amekuletea habari za meza yake. Si kila ombi litimizwe, lakini bibi mwenye sherehe akituma mjukuu, wimbo wake uwe unaofuata.

Na uwanja ukiwa mtupu watu wanapokula, hujashindwa. Wana sahani mikononi. Teremsha sauti waongee na ndugu ambao hawajaonana tangu Desemba iliyopita.

"Sauti kubwa ndiyo nguvu ya muziki"

Hapa ningependa tuwe na woga zaidi kuliko tulio nao. Kipimo kinachotumiwa sana katika afya ya kazi kinaruhusu desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda salama hupungua nusu. Ukifika desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango kwa kumbi za burudani: wastani usizidi desibeli 100. Kwenye kipaimara, wanaokaa mbele kabisa, mita mbili kutoka kwenye spika, ni watoto wenye sherehe yao na rafiki zao. Usikivu uliopotea kwa kelele haurudi. Omba viti visogezwe, au spika zinyanyuliwe juu ya vichwa.

Taa nyekundu kwenye mikisa nazo hazimaanishi nguvu. Zinamaanisha mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, wimbo unakwaruza na spika ndogo za sauti nyembamba zinaungua. Ukitaka uzito, toa besi ya wimbo unaoondoka kabla ya kuingiza besi ya unaokuja. Besi mbili kwa pamoja ni tope.

"Ukikosea, kila mtu amesikia"

Hakuna aliyeshika mpango wako mkononi. Wimbo usiokusudia ukiingia, uache utembee. Kwa wachezaji ni wimbo tu. Wanachokisikia wote, hadi waliokaa jikoni, ni kimya. Basi kiogope kimya, na ujiandae nacho. Umeme ukikatika, laptopu itaendelea kwa betri yake lakini spika zitakufa, kwa hiyo ujue jenereta iko wapi na nani anaiwasha. Wakati wa kubadilisha, teremsha sauti yote na uzime spika kwanza, maana umeme unaporudi kwa kishindo ndipo vifaa vinapoungua. Beba flashi mbili zenye nyimbo zile zile, zote kwa mfumo wa FAT32 ambao mashine nyingi zinausoma. Kwenye simu weka saa nzima ya muziki uliokwisha kuunganishwa, simu yenyewe iwe haipatikani hewani, na waya wake uwe umechomekwa kwenye njia ya akiba ya mikisa tangu mchana.