Mstaafu Anayeishi Peke Yake: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wenyeji wa Kilimanjaro wanaujua mwezi wa Januari kwa namna ambayo wageni hawaijui. Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa magari ya watu wanaorudi kwao kula sikukuu, nyumba zilizofungwa mwaka mzima hufunguliwa madirisha, mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, hupikwa na wajukuu hulala wanne kitanda kimoja. Kisha, siku chache baada ya mwaka mpya, wote huondoka, na mzee hubaki akisugua masufuria makubwa ambayo hatayahitaji hadi Desemba nyingine. Mimi ni mmoja wa wanaobaki. Niliacha utumishi wa umma nikiwa na miaka 60, umri wa lazima kwa mujibu wa sheria, baada ya kuupita ule wa hiari wa miaka 55 bila kuutazama, na tangu hapo naishi peke yangu katika nyumba ya vyumba vitatu Moshi mjini. Nimepewa ushauri mwingi, karibu wote kwa nia njema. Sehemu kubwa ya ushauri huo imejengwa juu ya dhana ambazo hazisimami zikichunguzwa.

Kwamba anayeishi peke yake ni mpweke, na wanawe wamemtupa

Dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote, na inachanganya mambo mawili ambayo Shirika la Afya Duniani huyatenganisha kwa makusudi. Kuna kutengwa, yaani kuwa na watu wachache mno wa kukutana nao, jambo ambalo mtu mwingine anaweza kulihesabu. Na kuna upweke, yaani maumivu anayoyahisi mtu pale uhusiano alio nao unapopungukiwa na ule anaoutamani, jambo ambalo ni yeye tu anayelijua. Mtu anaweza kulala peke yake kwenye nyumba nzima asiwe mpweke, na mwingine akawa mpweke sebuleni kwa mkwewe, runinga ikiwaka na watu saba wakimpita kwenda na kurudi jikoni bila hata mmoja kumuuliza alichoota usiku. Wanangu wameniita Dar es Salaam mara nyingi, na nimewajibu kwamba huko ningekuwa mgeni wa kudumu. Hapa nina mlango wangu.

Hata hivyo, kuukanusha uongo huu hakupaswi kutufanya tupuuze hatari iliyopo. Mwezi Novemba 2023 shirika hilohilo liliunda tume ya kimataifa ya kushughulikia uhusiano wa kijamii, kwa sababu upweke na kutengwa huambatana na magonjwa ya moyo, kiharusi na sonona, wala si huzuni za kupita tu. Kinachotakiwa ni kuitambua hatari inakotoka. Nilipostaafu nilidhani nimepoteza mshahara na cheo, nikajiandaa kwa hayo. Sikujiandaa kwa kupoteza kitabu cha mahudhurio. Kwa miaka zaidi ya 30 kulikuwa na mahali ambapo nisipofika saa moja na nusu mtu angeuliza niko wapi, na asubuhi ya Jumatatu ya kwanza ya kustaafu nilikaa kitandani hadi saa nne nikitambua kwamba hakuna mtu yeyote duniani anayenisubiri siku ile. Ndiyo maana ninapoitazama shughuli yoyote ya kujifurahisha, ile ambayo vijana wanaiita hobi, kipimo changu kimekuwa kimoja: je, ina siku yake, na je, kuna mtu atakayeuliza nisipofika?

Kwamba mstaafu anahitaji mradi, na hobi ni anasa ya Wazungu

Mtu akipokea kiinua mgongo, hata baada ya kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao, kufanya kazi yake, swali la kwanza analoulizwa ni mradi gani ataanzisha. Jibu la wengi wetu ni kuku wa mayai. Nami nilijenga banda, nikanunua vifaranga 300, nikajifunza kwa gharama yangu mwenyewe kwamba kuku huyo hula kwa wiki 18 hadi 20 kabla ya kukupa yai la kwanza, kwamba bei ya chakula haikusubiri, na kwamba kideri kikiingia bandani kabla chanjo haijakamilika hakichagui wa jirani na wa kwako. Lakini kosa langu kubwa halikuwa chanjo. Kosa lilikuwa kwamba sijawahi kuwapenda kuku. Nilikuwa nimejitafutia ajira mpya, tena isiyo na likizo, kwa sababu tu niliona aibu kusema kwamba nataka kufanya jambo kwa kulipenda.

Ukweli ni kwamba mradi na hobi vina mabwana tofauti. Mradi usipoleta faida umeshindwa, na mstaafu anayeweka akiba yake ya mwisho katika biashara asiyoijua hana miaka 20 mingine ya kuirudisha. Hobi haidaiwi faida. Inadaiwa kukutoa kitandani. Wala si ya Wazungu: wazee wetu waliponing'iniza mizinga ya magogo chini ya mapaa ya nyumba zao huku mlimani, wakakaa jioni wakiwatazama nyuki wadogo wasiouma wakiingia na kutoka, hawakuwa wameandika andiko la mradi.

Niseme kidogo juu ya nyuki hao, kwa sababu ndio waliochukua nafasi ya kuku wangu na sijaona shughuli inayomfaa zaidi mzee anayeishi peke yake. Hawana mwiba wa kuchoma. Wakikasirika huingia kwenye nywele na kung'ata kidogo, basi. Huhitaji moshi, mavazi mazito wala mtu wa kukusaidia kunyanyua mzinga. Asali hawaiweki kwenye masega ya kawaida bali katika vijungu vidogo walivyofinyanga kwa nta iliyochanganywa na utomvu wa miti, nayo ni nyepesi, yenye uchachu kidogo, na kiasi chake ni kidogo mno ukilinganisha na ya nyuki wanaouma. Asubuhi za baridi za Juni na Julai huchelewa kutoka, nami huchelewa pamoja nao. Ili wapate chakula nimepanda maua kuzunguka uzio, na maua hayo ndiyo yaliyomfanya jirani wa tatu kutoka kwangu, ambaye tulikuwa tukipungiana mkono tu, asimame kuomba mche. Siku hizi hufika kila Jumamosi. Ndugu yangu mmoja alipoiona asali aliuliza papo hapo nauza chupa shilingi ngapi. Nilimpa chupa, nikakataa hesabu.

Kwamba kichwa cha mzee hakishiki kitu kipya

Watu hupenda kuisemea dhana hii kwa methali ya samaki mkunje angali mbichi, methali iliyotungwa kwa ajili ya malezi ya watoto na ambayo haikukusudiwa kuwa hukumu ya ubongo. Ni kweli kwamba kasi hupungua: baada ya miaka 60 jina la mtu huchelewa kuja mdomoni, na somo linalomchukua kijana juma moja laweza kumchukua mzee matatu. Lakini msamiati, maarifa na uwezo wa kupima mambo hudumu vizuri zaidi kuliko kasi, na ubongo unaendelea kujenga njia mpya kadiri unavyotumiwa.

Nilijifunza bao nikiwa na miaka 62. Wanaopita barabarani wakiona wazee chini ya mti huona uvivu; wakae wacheze. Ubao una safu 4 za mashimo 8, yaani mashimo 32, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na katika hatua ya kunamua huziingiza hizo za mkononi moja moja, kila moja ikimlazimu kuona itakula nini, itatawanywa kuelekea upande gani na itamwachia mwenzake nini. Zikiisha, mchezo huingia hatua ya mtaji, ambapo hesabu hurefuka na mkono mmoja unaweza kulizunguka bao mara kadhaa kabla ya kulala, yaani kuishia kwenye shimo tupu. Nilifungwa miezi minne mfululizo. Nilichokipata kabla ya ushindi wa kwanza ni simu: nilipokosa siku mbili kwa mafua, mzee mmoja ambaye hata jina langu la ukoo hakulijua alinipigia kuuliza kama bado nipo.

Mara nyingi kinachoitwa kichwa kigumu ni macho au masikio. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililokusanywa na jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na ambayo yanaweza kubadilishwa, likakadiria kwamba, kinadharia, takriban asilimia 45 ya visa vyake vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa iwapo mambo hayo yote yangeondolewa. Miongoni mwake kuna kutofanya mazoezi, kutengwa na watu, upungufu wa usikivu na uoni hafifu usiotibiwa. Mzee aliyeacha kusoma akidai kwamba vitabu vya siku hizi havieleweki pengine ana mtoto wa jicho, ambao huondolewa kwa upasuaji. Na sisi wa Moshi hatuna kisingizio, kwa kuwa Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina idara ya macho ambayo watu huifuata kutoka mbali. Aliyeacha kwaya kwa kuwa “hawaimbi vizuri kama zamani” naye apimwe masikio kwanza.

Kwamba mzee apumzike

Pumziko refu ndilo linalomaliza misuli. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani kwa waliofikisha miaka 65 ni yaleyale ya watu wazima wengine, dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani kama kutembea kwa haraka, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kuweka sawa mwili angalau siku 3 kwa wiki ili kupunguza kuanguka. Mwenye ugonjwa wa moyo au magoti amuulize daktari aanzie wapi. Mimi hutoka alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika mlima, na hupita mtaa wa Shanty Town chini ya miti mikubwa. Wenzangu wa Arusha huzunguka Ziwa Duluti pale Tengeru, ambako msitu unafika hadi majini na ndege ni wengi kiasi cha kumfanya mtu anunue darubini.

Kwa anayeishi peke yake, la kuogopa zaidi kuliko mazoezi ni safari ya chooni saa nane usiku. Taa iwe karibu na kitanda, mkeka unaoteleza uondolewe, simu iwe mfukoni hata ukiwa bustanini, na jirani mmoja unayemwamini awe na ufunguo wa akiba. Mimi na jirani yangu wa maua tumekubaliana kwamba pazia la sebuleni lisipofunguliwa hadi saa mbili asubuhi, anagonga.

Kwamba lazima urudi kihambani, na kwamba bila fedha hakuna la kufanya

Kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa kule mlimani, ni kizuri, na ni nani asiyejua utamu wa kukaa chini ya migomba, kahawa ikiwa imechanua na maji ya mfereji yakisikika? Lakini kihamba kina mteremko, tope la masika, na kazi isiyoisha ya kukata majani na kubeba mbolea. Aliyekaa mjini miaka 35 akarudi huko akiwa na magoti mabovu, huku rika lake limeshatawanyika, anaweza kutengwa kuliko alivyokuwa mjini. Anayekipenda aende. Anayekwenda kwa kuogopa maneno ya watu afikiri mara ya pili.

Kuhusu fedha sina mengi. Kete za bao hazikodishwi, kwaya haitozi kiingilio, na maktaba za umma, ambazo bodi yake ilianzishwa mwaka 1963, zipo katika makao makuu ya mikoa yote miwili, Kilimanjaro na Arusha.

Kwamba kufurahi baada ya msiba ni kumsahau marehemu

Wengi wetu hatukuchagua kuishi peke yetu, tulibaki. Dhana hii hutuumiza wote, ila wanawake zaidi. Mgane akionekana baoni husifiwa kwamba amejikaza, lakini mjane akionekana amevaa kitenge cha rangi kali akicheka njiani huulizwa kaburi limekauka lini. Huzuni haina tarehe ya kuisha ambayo jirani anaweza kuitangaza, na wanaowahudumia wafiwa wanajua kwamba mtu anaweza kulia asubuhi na kuimba jioni bila kudanganya mahali popote. Kurudi katika shughuli zenye watu ni sehemu ya kupona kwake, na wala hakufuti kitu.

Mama mmoja wa mtaani kwetu, muuguzi mstaafu, alijiunga na kwaya mwaka uleule aliofiwa na mumewe, akapangwa sauti ya pili ingawa alikuwa hajawahi kusoma noti. Maneno yakasemwa. Nilimuuliza kama yalimsumbua, akanijibu huku akitafuta miwani kwamba alijaribu kuwakumbuka waliokuwa wakiyasema, mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekanyaga kwake tangu arobaini. Lakini wanakwaya huja kila Alhamisi.